Uliza Fundi: Pawasoo yangu ibebe ba ya inchi ngapi?

Masika yakianza Nairobi, simu yangu hailali. Mjakaranda umelalia ukuta Kileleshwa, mkaratusi umeinamia nyaya Uthiru, na kila mwenye pawasoo anatafutwa. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza urefu wa ba, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa msomaji mgeni, ba ni ule ubapa wa chuma unaochomoza mbele ya msumeno, ambao cheni huuzunguka.

Nimeshika misumeno hii tangu 1998. Miaka tisa ya kwanza nilikuwa mkataji, halafu nikawa mtengenezaji, na karakana yangu iko Dagoretti Corner, nyuma ya wale mafundi wa vitanda. Ukutani nimetundika ba kumi na moja zilizoungua. Tisa kati ya hizo zilikuwa ndefu kupita nguvu za injini iliyozibeba.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pawasoo ya cc 45 yenye ba ya inchi 16. Nimepata kazi Loresho, mikaratusi mitatu katika ua wa mzee mmoja. Ule mkubwa nimeuzungushia kamba usawa wa goti, nikapata sentimita 185. Muuza spea wa Kirinyaga Road ameniambia ba ya inchi 24 itaingia bila shida. Ninunue? – *Kijana wa Kangemi*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Muuzaji hakukudanganya. Itaingia. Kuingia kunataka nafasi ya skrubu mbili tu, na ba nyingi za madukani zinafanana mkiani. Ila wewe hujaajiriwa kuingiza ba, umeajiriwa kukata mti, kwa hiyo tuanze na mti wako.

Umefanya vyema kuleta kipimo cha kamba, maana wengi huniletea kipimo cha mikono miwili iliyotanuliwa hewani. Chukua mzingo wako wa 185, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 59, yaani kama inchi 23. Kanuni ambayo wakataji wote huanzia ni hii: ukitaka kupitisha mti kwa mkato mmoja, ba iupite kipenyo chake kwa inchi 2 hivi. Kwa hesabu hiyo mti wako unaomba inchi 25, na muuzaji wako alikuwa karibu na ukweli. Tatizo ni kwamba mti ndio ulioulizwa, injini haikuulizwa.

Injini ya cc 45 imezaliwa kubeba inchi 14 hadi 18. Stihl MS 250, ambayo wengi wenu mnaijua, ina cc 45.4 na hiyo ndiyo ba yake. Zile ndogo za cc 30 hadi 40 hubeba 12 hadi 16. Ukifika cc 60 na 70 ndipo unaweza kuzungumza habari ya 20 hadi 25, na anayetaka 30 kwenda juu atafute mashine ya cc 90 na mgongo wa kuibeba. Mipaka hii haikuwekwa ili tununue mashine kubwa zaidi, inatokana na jinsi cheni inavyokula mti. Nitaeleza polepole, kwa sababu ukilielewa jambo hili hutahitaji kuniandikia tena.

Zamani meno ya cheni yalikuwa kama ya msumeno wa mkono, yanakwaruza. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Joe Cox, aliona buu la mbawakawa likijichimbia njia ndani ya kisiki, likitafuna kushoto na kulia kwa zamu. Akatengeneza cheni ya kuiga taya za buu yule: jino moja linatazama kushoto, linalofuata kulia, na kila moja linabandua kibanzi kama randa ya seremala. Cheni uliyonayo leo ni mjukuu wa ile. Sasa fikiri: ba ya inchi 16 ikizama yote kwenye mti, ni meno machache yanayobandua vibanzi kwa wakati mmoja. Ba ya inchi 24 ikizama yote, umeongeza nusu ya meno hayo juu yake, na kila jino linadai nguvu yake kutoka kwenye injini ileile. Ongeza uzito wa cheni yenyewe na msuguano wake kwenye mfereji mrefu zaidi.

Injini inafanya nini? Inapunguza mwendo. Cheni inayofaa kukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde inaanza kusuasua. Wewe mkataji unahisi msumeno umekuwa mvivu, unaukandamiza. Hapo klachi inaanza kuteleza ndani ya ngoma yake, joto linapanda, na harufu unayoisikia ukidhani ni utomvu wa mkaratusi ni klachi inayoungua. Vumbi linalotoka nalo litakwambia. Msumeno wenye afya hutema vibanzi kama mahindi yaliyoparazwa. Ukiona unga laini kama wa chapati, meno ni butu au injini imezidiwa.

Kuna na oili. Pampu ya msumeno wako mdogo hutoa kiasi kilichopimwa kwa ba fupi, na kwenye nyingi za ukubwa huo hakuna skrubu ya kuongeza. Oili inaingilia mkiani mwa ba, inabebwa na cheni hadi ncha, halafu irudi chini. Ukirefusha njia bila kuongeza oili, inakwisha kabla ya kufika. Ncha inabaki kavu. Na siku ukinunua ba ya kampuni nyingine, angalia pia tundu la oili mkiani. Skrubu zinaweza kukubali na tundu lisipatane na mlango wa pampu, oili yote ikamwagika kwenye suruali yako.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwaka 2004 nilikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja, tunaondoa mikaratusi kando ya shamba huko Kikuyu. Nilikuwa na mashine ya cc 50. Nikaona aibu kuzunguka mti huku wenzangu wanapita moja kwa moja, nikaazima ba ya inchi 25. Nusu saa ya kwanza nilijiona mkubwa. Kufika mti wa tatu ncha ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, mfereji umetanuka, na cheni ikachomoka nikiwa nimebonyeza mafuta yote. Ilinipiga pajani. Suruali nene ya kazi sikuwa nayo, nilikuwa na jinzi. Nilishonwa nyuzi kumi na nne, na mkandarasi akanikata siku nane za mshahara pamoja na bei ya ba. Ba yenyewe ndiyo ya kwanza kushoto pale ukutani.

Basi ufanyeje na inchi 16? Mti unaweza kukatwa na ba iliyo fupi kuliko kipenyo chake, mradi usizidi mara mbili ya urefu wa ba. Inchi 16 ni sentimita 40, mara mbili ni 80, na mti wako ni 59. Unafikika. Unakata mdomo, yaani pengo lenye umbo la V, upande unaotaka uangukie, kina chake robo ya kipenyo au pungufu kidogo, kwako ni kama sentimita 13, na mdomo wenyewe utaukata kutoka pande mbili ukihakikisha mistari inakutana. Halafu mkato wa nyuma, juu kidogo ya sakafu ya mdomo: anza upande mmoja, ingiza kabari mara tu mkato ukiwa na nafasi ya kuipokea, zunguka, malizia upande wa pili kwenye usawa uleule. Katikati uache bawaba, yaani ukanda wa mti usiokatwa, unene wake sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwako ni sentimita 6. Bawaba hiyo ndiyo usukani wa mti. Ukiikata yote, mti utajichagulia pa kwenda.

Nina wasiwasi mwingine, na huu ni mkubwa kuliko ba. Umesema ni ua wa mtu, Loresho. Kuna ukuta, kuna nyaya, kuna paa la jirani. Mkaratusi wa mzingo huo unaweza kuwa na urefu wa mita 30, na mkaratusi ni mti wenye tabia mbaya: ukiwa umeinama na ukaukata nyuma kwa pupa, hupasuka wima kutoka kisikini na kile kipande kinarudi juu kwa nguvu usoni mwa aliyesimama nyuma. Nimezika mwenzangu kwa njia hiyo. Katika ua kama huo mti hauangushwi mzima. Unapandwa na mtu aliyefundishwa, mwenye kamba na mkanda, unashushwa vipande vipande kutoka kileleni, na anayepanda hutumia msumeno mdogo wa inchi 12 au 14. Kazi ya shina kubwa inabaki mwisho, chini, ukiwa umesimama ardhini na mti umeshakuwa gogo la mita tatu nne. Kwa hiyo hata katika kazi yako hii kubwa, inchi 24 ungezihitaji kwa saa moja tu. Kwa saa hiyo moja kodi mashine ya cc 70 na ba yake. Ba ya inchi 24 kwa cc 45 usinunue.

Mwambie mzee pia achukue ruhusa ya kaunti kabla hujawasha mashine, na kama magogo yatatoka kwa lori, kibali cha kusafirisha kutoka Shirika la Misitu la Kenya kiwe mkononi mwa dereva. Nyaya zikiwa karibu, kampuni ya umeme ije izime kwanza. Usikubali ahadi ya mdomo kwamba zimezimwa.

SWALI: Fundi, nina shamba dogo Limuru na natumia pawasoo kwa kuni na kupogoa. Dukani waliniuzia wakisema ni inchi 16. Nilipoifungua ba na kuipima kwa futi ya cherehani nikapata karibu inchi 19. Nikanunua cheni ya inchi 18, na sasa inaning'inia kama mkufu. Nimeibiwa wapi? – *Mama wa Limuru*

JIBU: Hujaibiwa, mama, ila pesa ya cheni ya pili ndiyo imepotea bure. Ba hutajwa kwa urefu unaokata, kutoka inapochomoza kwenye mwili wa msumeno hadi nchani, tena ukikaribishwa kwenye inchi kamili. Ule mkia uliofichwa ndani ya kifuniko hauhesabiwi. Siku nyingine pima msumeno ukiwa umefungwa kama unavyokata, na injini ikiwa imezimwa.

Na cheni hainunuliwi kwa inchi. Hili nalirudia kila wiki dukani kwangu. Cheni ina vipimo vitatu, na vyote vinapaswa kuafikiana na ba pamoja na sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni. Cha kwanza ni pichi, yaani nafasi ya cheni: pima ribiti tatu zinazofuatana, kutoka ya kwanza hadi ya tatu, gawanya kwa mbili. Utapata 3/8 ya inchi, au .325, au .404 kwa mashine kubwa. Na 3/8 ziko mbili, ile ndogo ya misumeno myepesi kama wako na ile kubwa, na hizo mbili hazibadilishani nafasi. Cha pili ni geji, unene wa vile vijimeno vya chini vinavyoteleza ndani ya mfereji wa ba: milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Kikiwa chembamba kuliko mfereji, cheni inayumba na mkato unakwenda upande. Kikiwa kinene hakiingii kabisa.

Cha tatu ndicho kilichokuumiza wewe: idadi ya vijimeno hivyo vya chini. Inchi peke yake haitoshi kuitaja. Chukua ba mbili za inchi 18, zote pichi ya 3/8 kubwa, moja ya Stihl na nyingine ya Husqvarna. Kwa kawaida ya kwanza huvaa cheni ya vijimeno 66 na ya pili 68. Muuzaji akikupa "cheni ya kumi na nane" bila kuuliza swali la pili, mrudishie kwa upole. Hesabu vijimeno vya cheni yako ya zamani, weka alama ya chaki unapoanzia ili usipotee, kisha usome maandishi yaliyochongwa mkiani mwa ba. Kwa kawaida pichi na geji zimeandikwa hapo, na mara nyingi idadi pia. Sugua uchafu kwa petroli kidogo na kitambaa. Piga picha kwa simu, ndiyo uende nayo dukani.

Kwa kuni na kupogoa inchi 16 zinakutosha sana. Kama nusu ya kazi yako ni matawi ya parachichi na ua wa sipresi, ningekushusha hadi 14. Utachoka baada ya saa mbili badala ya baada ya moja.

SWALI: Nina umri wa miaka 61 na mgongo unanisumbua. Kijana mmoja aliyefanya kazi Marekani ameniambia kule wanatumia ba ndefu ili wasiiname wanapokata matawi ya mti ulioanguka. Ni kweli? – *Mzee wa Dagoretti*

JIBU: Shikamoo mzee. Ni kweli, na kijana ana haki. Wakataji wa pwani ya magharibi ya Marekani hubeba ba za inchi 28 na zaidi hata kwenye miti myembamba, na sababu mojawapo ni hiyo ya mgongo. Wa nchi za Skandinavia, kwa upande wao, hutumia ba fupi za inchi 13 hadi 18 na huinama kwa magoti. Ila wale wa Marekani wana mashine za cc 70 na 90, na mara nyingi cheni yao ina meno machache, yaliyorukwa nafasi, ili injini isilemewe. Mashine hiyo pamoja na ba na mafuta ni mzigo mzito wa kuning'iniza mikononi mchana kutwa. Mgongo utakaookoa kwa kutoinama, utaupoteza kwa kubeba.

Na ba ndefu katikati ya matawi ina ncha ambayo huioni. Robo ya juu ya ncha ikigusa tawi lililojificha, msumeno unarusha teke juu na nyuma, kuelekea shingo, kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoiwahi. Kwa ushauri wangu, ng'ang'ania inchi 16, uweke goti moja chini au uuegemeze msumeno kwenye shina lenyewe, uache shina libebe uzito. Na matawi mazito mwachie mjukuu.

SWALI: Mimi ni seremala wa Ngong Road. Mteja ameniletea gogo la mgrevilea la kipenyo cha sentimita 45, nami nina pawasoo ya cc 60, ba ya inchi 20, na nimenunua ile fremu ya kupasulia mbao. Gogo halipiti. Niongeze ba? – *Seremala*

JIBU: Fremu imekula ba yako, ndugu yangu. Inashika ba kwa nyuma na kwa ncha, na hapo zinapotea kama inchi 4. Umebaki na 16, sawa na sentimita 40, na gogo lina 45. Kabla hujafikiria ba ya inchi 24, fahamu kwamba kupasua kwa urefu wa nyuzi ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa injini. Msumeno ambao ukikata gogo kwa upana hubeba inchi 20 vizuri, ukipasua huanza kulia kwa hizohizo 20. Kwa cc 60 usipande juu ya hapo.

Chonga gogo. Gogo la mviringo haliwi mbao mbavuni hata hivyo, zile pande ni magamba ya kuni. Toa ubavu wa sentimita 4 upande mmoja na mwingine kwa mkono huru au kwa shoka na mstari wa chaki, gogo litabaki na upana wa 37, fremu itapita, na utakuwa umepata uso ulionyooka wa kuanzia. Badilisha cheni pia. Ya kawaida imenolewa kwa pembe ya nyuzi 30 kwa ajili ya kukata kwa upana. Ya kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10, inakwenda polepole lakini mbao inatoka laini, na randa yako itakushukuru.

Mgrevilea una mng'ao mzuri sana ndani, kwa hiyo nitakwambia ukweli hata kama umeshanunua fremu. Cheni inakula karibu milimita 8 kila ikipita. Ukipasua mbao za milimita 25, kila mikato mitatu imegeuza mbao nzima kuwa vumbi. Msumeno wa bendi hula milimita 2 hivi. Kwa gogo moja la mteja anayesubiri, tumia fremu. Kwa magogo kumi, panga na mwenye mashine ya bendi, mchukue mkokoteni.

SWALI: Naweza kutumia oili iliyotolewa kwenye gari kulainisha ba? – *Msomaji wa Kawangware*

JIBU: Hapana. Ina vumbi la chuma lililosagika kutoka injini ya gari na itasugua mfereji na pampu. Pia ni nyepesi mno, inarushwa kabla ya kufika nchani, na inakurukia usoni na kwenye udongo wa mwenye shamba. Kama oili maalumu ya cheni imekushinda bei, tumia mafuta ya kupikia mapya, ila siku ukimaliza kazi usiuache msumeno wiki nzima nayo maana yanaganda kama gundi.

SWALI: Fundi, ba yangu ya inchi 18 nimeitumia miaka miwili. Sasa inakata ikipinda kulia, hata nikiweka cheni mpya. Nimeshauriwa ninunue fupi zaidi. Je, urefu ndio unaoleta mpindo? – *Mkata miti, Kikuyu*

JIBU: Urefu hauna hatia hapa. Ba ndefu hupinda kirahisi kuliko fupi, lakini yako imechakaa upande mmoja. Kila siku umekuwa ukikata kwa ukingo wa chini, ukaula. Ifungue, isimamishe kwa ukingo juu ya kioo cha dirisha, uangalie kama inaegemea upande. Kisha pitisha kucha juu ya reli zake mbili. Ukihisi makali yaliyojitokeza kama ukingo wa kifuniko cha mkebe, yaondoe kwa tupa bapa, ukishika tupa wima kabisa. Pima kina cha mfereji kwa kipande cha cheni ya zamani. Kijimeno cha chini kikigusa sakafu, ba imekwisha. Nayo inapaswa kugeuzwa juu chini kila unapobadilisha cheni. Maandishi yatasomeka kichwa chini na hakuna ubaya wowote.

Angalia pia meno ya cheni, mkato ukipinda daima upande mmoja hata kwenye ba nzuri, mara nyingi yale ya upande huo ni marefu au makali kuliko ya upande wa pili. Tupa ya milimita 4 ni ya 3/8 ndogo, 4.8 ni ya .325, na kwa 3/8 kubwa ni 5.2. Hesabu misukumo: mitatu kwa kila jino, kushoto na kulia sawasawa.

Ukiona bado inapinda baada ya hayo yote, niletee ba yenyewe pamoja na cheni uliyokuwa ukitumia kabla ya hii mpya. Usiioshe, nataka kuona oili ilikuwa inafika wapi. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi, Jumapili sipo.